Kisa cha "mbele ya bwana yangu": ripoti ya mwanasaikolojia kwenye kesi ya hifadhi Marekani

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, nimezaliwa Tanga na niko Marekani miaka mingi sasa. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni mahakama ya uhamiaji na ile ya kukaa katikati ya mwanasaikolojia na mtu anayeomba hifadhi, watu wetu wanaiita asailamu. Kisa hiki mwenyewe ameruhusu kisimuliwe. Nimebadilisha vitu vingi na mahali pengine nimechanganya na mambo ya wateja wengine, kwa hiyo hata kama unaishi mji huohuo usipoteze muda kumtafuta, hutampata. Nitamwita Mama tu, maana ndivyo nilivyokuwa namwita.

Naandika kwa ajili ya wakalimani wenzangu, mawakili wanaosoma Kiswahili, na yeyote ambaye loya wake amemwambia "nenda kwa saikolojia ukaletewe ripoti" akabaki anajiuliza kwani mimi kichaa.

Alikotoka

Mama ni wa Kivu Kusini, Kongo, upande wa Ziwa Tanganyika, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese na shamba la mihogo. Mumewe alikuwa anapeleka samaki Uvira. Watu wenye silaha walikuja kijijini zaidi ya mara moja. Mume aliuawa, nyumba ikachomwa, Mama akavuka ziwa na watoto watatu mpaka Kigoma, wakaingia kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa 1996 na mpaka leo ina watu waliozaliwa humo na kuzalia humo. Baadaye ndugu wa mume walichanga pesa, akawaacha watoto kwa shangazi yao kambini, yeye akaenda Brazil, halafu akapanda kwa miguu na kwa mabasi kupitia pori la Darién kati ya Kolombia na Panama, mpaka Meksiko, mpaka mpakani. Safari yenyewe ni kisa kingine.

Pale mpakani alifanyiwa ile intavyu ya kwanza ya kupima kama hofu yake ina msingi. Afisa mmoja, Mama mmoja, na mkalimani wa Kiswahili kwenye simu. Akapita, akaachiwa, akapewa tarehe ya mahakama, akaenda mji mmoja wa kaskazini wenye theluji ambako kuna kanisa la Wakongo.

Tatizo lilivyoanza

Sheria ya Marekani, tangu mabadiliko ya 1996, inataka fomu ya hifadhi iingie ndani ya mwaka mmoja tangu ufike nchini. Wengi hawajui kwamba kupita ile intavyu ya mpakani siyo kuomba hifadhi, wanadhani tayari wameshaomba. Mama aliambiwa kanisani kuwa kuna fomu, akaletewa na kijana mmoja amsaidie kujaza, na kila ikifika ile sehemu ya "nini kilikupata" kichwa kinamuuma, anasema tutamaliza kesho. Kesho ikawa mwaka na miezi saba.

Ukichelewa bila sababu inayokubalika hupati hifadhi. Kuna kinga nyingine ndogo ya kutorudishwa ambayo haina deadlaini, lakini kiwango chake cha ushahidi kiko juu zaidi, haikupi njia ya kuwa mkaazi wa kudumu, na haikuruhusu kuleta watoto. Kwa mtu aliyeacha watoto kambini hiyo ni nusu ya wokovu.

Loya wa ofisi moja ya msaada wa kisheria alipoichukua kesi, maelezo ya kiapo ya kwanza yaliandikwa na mzee wa kanisa akiwa mkalimani. Yakatoka safi, nyumba kuchomwa, mume kuuawa, kukimbia. Ila loya alikuwa ameshasoma noti za mpakani na mle kulikuwa na kitu kingine, kwamba Mama alibakwa. Kwenye maelezo ya mzee wa kanisa hakuna hata herufi, na wewe utamlaumu nani, ungesema hayo mbele ya mzee anayekubatizia wajukuu? Loya hakuyapeleka mahakamani yale maelezo. Akamshukuru mzee, akatafuta mkalimani mwanamke asiye wa kanisa lile, ndiyo nikaingia mimi.

Na mimi Mama akaniambia. Ilitokea mwezi wa tatu, shambani, mume akiwa Uvira, hakuwepo. Mume aliuawa mwezi wa tano. Loya akafungua noti za mpakani tena, zinasema kitendo kilifanyika mbele ya mume wake akiwa anakufa.

Sasa hapo tuna mambo mawili, kuchelewa na kujipinga. Tangu sheria ya 2005 jaji anaruhusiwa kukuona mwongo kwa sababu ya kutofautiana hata kwenye jambo lisilo kiini cha kesi, na hili lilikuwa kiini chenyewe.

Uamuzi wa kutafuta tathmini

Loya aliamua kuomba tathmini ya kisaikolojia, na swali alilompa mwanasaikolojia lilikuwa dogo na kali: huyu mama ana nini, na je alichonacho kinaweza kueleza kuchelewa kwa miezi kumi na tisa na kutofautiana kwa maelezo. Hakuuliza "thibitisha kwamba ameumia". Naona hapo ndipo kesi nyingi zinapofia, loya anaagiza ripoti kama anaagiza cheti, inakuja kurasa kumi na mbili za "mteja ana kiwewe na sonona", jaji anasoma anasema sawa, pole sana, kwa hiyo?

Kuna takwimu mawakili wanapenda kuitaja, kwamba waombaji waliofanyiwa tathmini kupitia Physicians for Human Rights, shirika la madaktari wanaotetea haki za binadamu, kati ya 2000 na 2004 walikubaliwa kwa asilimia 89 wakati wastani wa nchi ulikuwa 37.5. Ni kweli iliandikwa, ila watu hao walikuwa na mawakili na kesi zao zilishachujwa, usije ukamwambia mteja kwamba ripoti ni asilimia 89. Ripoti ikikaa vizuri inajibu swali ambalo jaji angeuliza, basi.

Mwanasaikolojia alikuwa mama wa Kimarekani wa makamo, alijitolea bila malipo. Aliomba vikao viwili, ana kwa ana, siyo kwa video. Loya alitaka kimoja kwa sababu ya muda. Mwanasaikolojia akakataa, akasema mtu hafungui mlango siku ya kwanza.

Kikao cha kwanza, na kosa langu

Alianza kwa kumweleza kwamba yeye siyo daktari wa kumtibu, na atakayoyasikia hayatakuwa siri kama ya hospitali, yataandikwa yaende kwa jaji na kwa wakili wa serikali. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, halafu mwisho akaniuliza, "Sasa dawa ya kulala atanipatia leo?" Ikabidi turudie upya. Usichukulie ile ndiyo ya kwanza kuwa ndiyo.

Halafu ikaja fomu ya maswali ya sonona, PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 mpaka 27. Haikuwa na tafsiri mezani, nikawa natafsiri hapohapo, na nilijiamini sana siku ile. Swali la kwanza linauliza kama umekosa hamasa au raha ya kufanya mambo. Nikasema, "Umekuwa huna hamu ya kufanya mambo?" Mama akacheka, akaziba mdomo na kitenge. "Eh dada, bwana yangu alikufa, hamu ya nini tena?" Nikaelewa alichoelewa. Nikarekebisha lakini aibu ilishaingia chumbani.

Nikauliza kuhusu huzuni. Akasema hapana, huzuni ni ya msiba, na msiba ulishapita. Kujiua? Hapana kabisa, mimi ni mtu wa Mungu. Alama zikatoka 7. Saba ni kidogo, na kikao kikaisha hivyo, na mimi kwenye basi kurudi nyumbani najua kabisa kwamba namba ile siyo yake, ni yangu.

Nikamwandikia mwanasaikolojia siku hiyohiyo. Sikumwambia Mama ana sonona, hiyo siyo kazi yangu, nilimwambia tu kwamba maneno matatu niliyotumia yana maana nyingine kwa mtu wa kule na kwamba majibu yanaweza kuwa yamejibu maswali mengine. Kuna wakalimani wataniambia nilivuka mpaka. Mimi naona ningenyamaza ndiyo ningevuka.

Kikao cha pili

Safari hii mwanasaikolojia aliweka fomu pembeni. Akauliza, kijijini kwenu mwanamke akiwa moyo wake umevunjika, majirani wanajuaje? Mama hakufikiri hata kidogo. Akashika tama, yaani alikaa vilevile, shavu kwenye kiganja, akasema, "Anawaza. Anawaza mpaka mawazo inamukula." Na wewe? "Miye ilishanikula."

Kuanzia hapo yakatiririka, na mimi nikawa natafsiri neno kwa neno bila kupamba, pamoja na pale aliposema "ile kitu" mara kumi bila kuitaja. Kichwa kinapanda moto. Usiku anaamka anakuta amesimama mlangoni. Hapiti njia yenye miti mirefu akienda kanisani, anazunguka. Kuhusu kujiua, mwanasaikolojia hakutumia tena lile neno, aliuliza kama kuna siku anaona afadhali asiamke. "Naombaka Mungu anichukuwe, lakini Yeye naye anakawia."

Ofisi ile ilikuwa kwenye jengo la zamani, joto linakuja kwa mabomba ya ukutani. Katikati ya hadithi ya shamba bomba likagonga, ko ko ko, kama mtu anabisha. Sikuona alivyoinuka, nilimwona tayari yuko kwenye kona, mgongo ukutani, macho mlangoni, na pindo la kitenge amelikunja mara nne mkononi. Hakupiga kelele. Mwanasaikolojia aliangalia saa, akaandika, akasubiri. Zilipita kama dakika sita ndipo Mama akarudi kitini, akaomba radhi, kana kwamba amemwaga chai.

Tukapumzika. Nilikuwa nimekuja na mandazi kwenye kikopo, nikamkaribisha. Mama akanizuia mkono: "Dada, mbele ya kula, tuombe."

Nilibaki na andazi hewani. Mbele ya kula. Kwetu Tanga ningesema kabla ya kula, "mbele ya" kwangu ni mahali, mbele ya nyumba, mbele ya watu. Kwa Kiswahili cha Kongo, ambacho vitabu vingine vinakiita Kingwana, "mbele ya" ni wakati pia. Kwa hiyo pale mpakani inawezekana kabisa alisema ilitokea mbele ya bwana yangu kufa, yaani kabla hajafa, na mkalimani wa simu, labda mtu wa Mombasa au Dar kama mimi, akapeleka kwa Kiingereza kwamba ilifanyika mbele ya macho ya mume akiwa anakufa.

Baada ya maombi nilimwambia mwanasaikolojia wazi, mkalimani anaomba kufafanua jambo la lugha, nikalieleza, na nikamweleza Mama kwa Kiswahili nilichosema. Mwanasaikolojia akamwomba Mama aeleze upya bila kumpa jibu. Akaeleza. Mwezi wa tatu, mume yuko Uvira.

Alimaliza na fomu ya PCL-5, maswali ishirini ya kiwewe, tukienda polepole na kila swali likielezwa kwa mifano. Mstari wa kutilia shaka huwa 31 mpaka 33 kati ya 80. Alipata 52. Ile PHQ-9 ya kwanza hakuifuta, aliiandika kwenye ripoti kama ilivyo, saba, na akaeleza kwa nini haiamini.

Mivutano ya kuandika ripoti

Loya aliona ile saba akataka itolewe. Mwanasaikolojia akakataa. Pia kulikuwa na karatasi ya kliniki, mwezi wa pili tangu Mama afike, imeandikwa hana historia ya ukatili, maana aliulizwa na nesi mwanamume kwa mkalimani wa kwenye tableti huku shemeji yake amekaa pembeni. Nayo ikabaki, na maelezo yake. Nilikuwa upande wa loya kimoyomoyo, leo sipo. Wakili wa serikali angeipata ile karatasi yeye mwenyewe, na kitu alichokifukua yeye kina uzito kuliko ulichomkabidhi.

Mvutano wa pili, loya alitaka sentensi inayosema Mama anasema kweli. Hapana tena. Mwanasaikolojia hakuwepo shambani. Alitumia vipimo vya Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso uliotoka 1999 na kupitiwa tena 2022, ambao una ngazi za kusema dalili zinaendana au haziendani na yanayosimuliwa. Akaandika zinaendana sana. Kuhusu kuchelewa akaandika kwamba kukwepa ni dalili yenyewe ya ugonjwa, mtu anakimbia kila kitu kinachomrudisha kule, na fomu ya hifadhi ndicho kitu kinachomrudisha kule kuliko vyote. Kanuni za hifadhi zinataja waziwazi ugonjwa wa akili na athari za ukatili wa nyuma kama sababu ya kusamehewa deadlaini, kwa hiyo aliweka daraja na loya akapita juu yake.

Suala la neno "mbele" lilinigusa mimi. Loya aliniomba niandike kiapo. Nikasema siwezi kuwa mkalimani na shahidi kwenye kesi moja, kesho nitaulizwa na kazi yote niliyotafsiri itachafuka. Akatafutwa mkalimani mwingine, mzaliwa wa Bukavu, akaandika kiapo chake na mifano. Na ikaombwa mahakama ilete mkalimani anayejua Kiswahili cha Kongo, siyo "Kiswahili" tu. Kikao cha kwanza aliletwa mtu wa pwani, kikaahirishwa kwa miezi.

Mahakamani

Wakili wa serikali hakuwa mkali, alikuwa makini, ambayo ni mbaya zaidi. Kwanza akauliza: unapika kwenye harusi za kanisani? Ndiyo. Watu wangapi? Mia, wakati mwingine zaidi. Sombe, ugali, samaki, vyote? Vyote. Kama uliweza kupikia watu mia, ulishindwaje kujaza fomu moja? Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sombe haiulizake kitu." Mkalimani wa mahakama alitafsiri vilevile, majani ya muhogo hayaniulizi chochote. Jaji aliandika.

Kisha likaja pigo ambalo hakuna aliyelitegemea. Ripoti ilisema kitendo kilitokea mwezi wa tano. Mpakani hivi, kiapo mwezi wa tatu, ripoti mwezi wa tano, wakili akauliza tuna matoleo mangapi? Mwanasaikolojia alikuwa amesimulia hadithi nzima upya kwenye ripoti, kurasa nne, na kwenye kuchapa akachanganya mwezi wa shamba na mwezi wa kifo cha mume. Ushahidi ulitakiwa uingie siku thelathini kabla ya kikao, kila mtu alikuwa anakimbizana, na hakuna aliyemsomea Mama ile ripoti kwa Kiswahili kabla haijaenda. Hata mimi sikuuliza.

Mwanasaikolojia alitoa ushahidi kwa simu, akafungua daftari lake la mkono, mwezi wa tatu uko pale kwa wino, akakiri kosa ni lake. Lilipita, lakini Mama alikaa zaidi ya saa nzima akidhani ameharibu kesi yake kwa kitu ambacho hakukisema.

Jaji alikubali. Kuhusu kuchelewa alitaja ripoti, na akataja dakika zile sita za kona. Kuhusu "mbele" aliegemea kiapo cha mtu wa Bukavu, na kwamba noti za mpakani zenyewe zinasema siyo neno kwa neno. Kuhusu kama tukio lilitokea kweli, alisema ripoti haiwezi kumwambia hilo, akaamini mdomo wa Mama. Serikali haikukata rufaa.

Ninavyokiona kisa hiki sasa

Kilichofanya kazi zaidi ni kile ambacho hakikuwa kwenye fomu. Namba 52 haikutajwa hata mara moja mahakamani, bomba la joto lilitajwa. Lingegonga kwenye video, mwanasaikolojia angeona kiti kitupu. Na swali la "majirani wanajuaje" lilifanya kazi ambayo fomu tisa zisingefanya, kwa sababu lilimpa Mama haki ya kutumia maneno yake na likaninyima mimi nafasi ya kumpa yangu.

Kilichofeli ni kurudia hadithi. Ripoti haina haja ya kusimulia tukio lote upya wakati kiapo kipo, kila kusimulia upya ni nafasi ya tarehe kuteleza, na inatosha kusema "nimesoma kiapo cha tarehe fulani" halafu uandike alivyokuwa akieleza, wapi alisimama, wapi alitetemeka. Halafu isomwe kwake, yote, kwa lugha yake, kabla ya kutoka. Ni saa mbili za mkalimani, siku hizi naziomba mimi mwenyewe bila kusubiri kuombwa.

Na wakalimani wa pwani, tuache kuona Kiswahili cha Kongo kama cha kwetu kilichovunjika. Mtu akikutajia saa, muulize ni saa ya kuhesabu vipi. Akikwambia "maneno", anaweza kuwa anasema mambo. Kila "mbele" isimamishe kwanza.

Watoto

Baada ya kushinda una miaka miwili ya kuombea watoto wako wasioolewa wala kuoa walio chini ya miaka 21, na umri unaohesabiwa ni ule waliokuwa nao siku fomu yako ya hifadhi ilipoingia. Wawili wa Mama walikuwa chini. Mkubwa alifikisha 21 mwezi wa kumi na tano tangu mama yake afike Marekani. Fomu iliingia mwezi wa kumi na tisa.

Loya alipomweleza, mimi ndiye niliyetafsiri. Mama aliuliza kama ile karatasi ya daktari wa mawazo, iliyomwambia jaji kwamba alikuwa mgonjwa miezi ile, haiwezi kumwambia na mtu wa watoto. Loya akasema inasamehe kuchelewa, haibadilishi tarehe. Nikatafsiri. Mama akaniomba nirudie, nikarudia, na safari hii nilihakikisha kila neno ni la kwao.